Sainasi: Vyumba vya Hewa vya Uso na Milango Yake Myembamba

Utangulizi

Katika maduka ya dawa ya Kariakoo na ya mitaa inayoelekea Feri, neno "sainasi" limekuwa jina la karibu kila maumivu ya uso. Mwenye mafua ya siku tatu husema ana sainasi. Mwenye kichwa kinachogonga upande mmoja husema hivyo hivyo, na mwenye jino bovu la taya la juu naye hudhani ni ugonjwa huo huo. Mara nyingi wote watatu huondoka na dawa ya aina moja, yaani antibiotiki, na pengine kwa nusu dozi kulingana na fedha iliyopo mfukoni. Wa kwanza hakuihitaji. Wa pili haitamsaidia. Wa tatu atapata nafuu ya siku chache, kisha maumivu yatarejea, kwa sababu chanzo chake kimo kinywani.

Makosa hayo yana mzizi mmoja: umbo la sainasi na kazi yake havijulikani vya kutosha. Somo hili linaeleza sainasi ziko wapi, zinafanya kazi vipi na huugua kwa njia gani, ili mhudumu wa afya aweze kupambanua, na mgonjwa ajue lini asubiri, lini aende zahanati, na lini asikawie hata saa moja.

Mfano wa mlango wa bandari

Anayesimama Feri, penye soko la samaki na kivuko cha kwenda Kigamboni, huona mkondo mwembamba wa maji unaounganisha Bahari ya Hindi na bandari pana iliyojificha ndani. Kila meli iingiayo au itokayo hupita hapo. Mwezi Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walizamisha chelezo chao kinachoelea katika mlango huo, kwa nia ya kuzuia manowari za Waingereza zisiingie. Hawakuwa na haja ya kuvunja magati wala kufukia bandari. Walijua kuwa bandari huishi kwa mlango wake.

Sainasi nazo zimejengwa kwa mpango huo. Kila moja ni chumba chenye hewa, na kila chumba kina mlango wa upana wa milimita chache tu unaofunguka ndani ya pua. Mlango ukiwa wazi, chumba hujisafisha chenyewe. Mlango ukivimba na kuziba, hewa haiingii, ute hautoki, na chumba kilichokuwa kizima huanza kuugua. Kwa hiyo ugonjwa wa sainasi, kwa sehemu kubwa, huanzia mlangoni kabla ya kufika chumbani.

Jozi nne za sainasi

Mwanadamu ana jozi nne za sainasi, kila jozi ikiwa na upande wa kulia na wa kushoto. Majina yake yanatokana na mifupa iliyozibeba.

Sainasi ya taya la juu, au sainasi ya maksila, ndiyo kubwa kuliko zote. Imo ndani ya shavu, chini ya jicho, na kwa mtu mzima hujaa takriban mililita 15, kiasi cha kijiko kimoja kikubwa cha mezani. Leonardo da Vinci aliichora mwishoni mwa karne ya 15, na daktari Mwingereza Nathaniel Highmore akaieleza kwa kina mwaka 1651. Mambo mawili katika umbo lake yanafaa kukumbukwa. Kwanza, mlango wake uko juu, karibu na dari, kwenye ukuta unaotazama pua. Mtu akiwa amesimama, ute wa chumba hiki hulazimika kupanda ili utoke. Pili, sakafu yake imekaribiana sana na mizizi ya magego ya juu. Kwa baadhi ya watu ni ganda jembamba tu la mfupa linaloitenganisha mizizi hiyo na chumba.

Sainasi ya paji la uso, au ya frontali, iko juu ya nyusi. Mtoto mchanga hana chumba hiki. Hukua polepole na huanza kuonekana kwenye picha ya eksirei mtoto anapokaribia umri wa kuanza shule. Baadhi ya watu wazima hawana kabisa upande mmoja au pande zote mbili, nao ni wazima. Ukuta wake wa nyuma unapakana na ubongo.

Sainasi za ethmoidi ziko kati ya macho mawili. Hizi si chumba kimoja bali ni vijumba vingi, kwa kawaida kati ya 3 na 18 kila upande, vilivyopangana kama masega ya nyuki. Mtoto huzaliwa nazo. Ukuta unaozitenganisha na jicho ni mwembamba kiasi kwamba wanaanatomia waliupa jina la bamba la karatasi. Wembamba huo ndio sababu mtoto mdogo mwenye uambukizo wa sainasi anaweza kuvimba jicho.

Sainasi ya sfenoidi imejificha katikati ya kichwa, nyuma kabisa ya pua. Jirani zake ni neva ya kuonea, mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kwenye ubongo, na tezi ya pituitari. Madaktari wa upasuaji huupitia mlango wa pua na chumba hiki ili kuufikia uvimbe wa tezi hiyo bila kupasua fuvu.

Ushoroba wa kati

Ndani ya pua, kwenye kuta za pembeni, kuna mikunjo mitatu ya mfupa iliyofunikwa kwa utando telezi. Umbo lake limejikunja kama kombe la baharini, na jina lake la Kilatini lina maana hiyo. Mikunjo hii hupasha hewa joto, huitia unyevu na kunasa vumbi. Wagonjwa wengi humulika pua zao kwa tochi, wakaona mkunjo wa chini, wakahofu kuwa wameota "nyama za pua". Mkunjo huo ni sehemu ya kawaida ya mwili.

Chini ya kila mkunjo kuna ushoroba. Ushoroba wa chini hupokea machozi kutoka machoni, na ndiyo maana anayelia hutokwa na kamasi. Ushoroba wa juu hupokea ute wa vijumba vya nyuma vya ethmoidi, na juu yake kidogo hufunguka sainasi ya sfenoidi. Ushoroba wa kati ndio wenye shughuli nyingi zaidi: hapo hufunguka sainasi ya taya, sainasi ya paji na vijumba vya mbele vya ethmoidi. Ni kama kichochoro kimoja cha Kariakoo kinachotegemewa na maduka matatu. Mkokoteni mmoja ukikwama, wote watatu hukosa njia. Uvimbe mdogo katika ushoroba huu unaweza kuziba vyumba vitatu kwa pamoja.

Ufagio usiolala

Kuta za sainasi zimetandikwa utando telezi unaotoa ute. Juu ya utando huo kuna vijinywele vidogo mno, viitwavyo silia, visivyoonekana bila hadubini. Silia hupiga kwa pamoja, takriban mara 10 hadi 15 kwa sekunde, zikiusukuma ute pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa ndani yake. Ute hufika puani, ukarudi nyuma kooni, ukamezwa na kuharibiwa na tindikali ya tumbo. Mtu mzima wa afya hufanya hivyo mchana na usiku bila kujua.

Mwelekeo wa kazi hiyo umepangwa. Daktari Walter Messerklinger wa Graz, nchini Austria, alionyesha kuwa silia za sainasi ya taya huupeleka ute kwenye mlango wa asili hata pale daktari wa upasuaji alipotoboa tundu jingine mahali pa chini zaidi. Ute huo hulipita tundu jipya na kuendelea kupanda. Kutokana na ugunduzi huo, upasuaji wa sainasi wa siku hizi, unaofanywa kwa endoskopi kupitia puani, hulenga kuufungua mlango wa asili.

Kuhusu manufaa ya vyumba hivi, wataalamu wametaja mengi: kupunguza uzito wa fuvu, kuipa sauti mwangwi, kupunguza nguvu ya pigo la usoni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokubaliwa na wote. Jambo lililopimwa ni kwamba sainasi huzalisha gesi ya oksidi ya nitriki kwa wingi, kama watafiti wa Sweden walivyoonyesha mwaka 1995. Gesi hiyo hudhoofisha vijidudu na husaidia silia kupiga.

Mlango unavyoziba

Sababu ya kwanza ni mafua. Virusi huvimbisha utando wa pua, ushoroba wa kati hubanwa, na mgonjwa huhisi uzito usoni. Hali hii karibu kila mara ni ya virusi, nayo huisha yenyewe. Kwa watu wazima, chini ya wagonjwa 2 katika kila 100 wa mafua hufikia uambukizo wa bakteria ndani ya sainasi.

Sababu ya pili ni mzio, unaotambulika kwa kupiga chafya mfululizo, kuwashwa pua na macho, na kamasi jepesi kama maji. Vumbi la nyumbani, ukungu wa kuta zenye unyevu na mende ni vichochezi vya kawaida katika nyumba za mijini.

Sababu ya tatu ni hewa chafu. Moshi wa kuni, moshi wa sigara na vumbi la nafaka au pilipili huudhi utando na kudhoofisha silia. Mkaangaji wa samaki anayeinama juu ya karai tangu asubuhi, mchukuzi anayebeba magunia, na muuza viungo anayepepeta bidhaa yake wote huulemea ufagio huo kila siku. Kuuelekeza moshi mbali na uso, kukaa upande unaotoka upepo, kuvaa barakoa wakati wa kupepeta, na kutumia gesi badala ya kuni inapowezekana, ni kinga yenye thamani kuliko dawa nyingi.

Sababu ya nne huwahusu wapiga mbizi wa pweza na majongoo ya bahari. Katika kina cha mita 10 baharini, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji, na hewa iliyofungiwa husinyaa hadi nusu. Mlango wa sainasi ukiwa wazi, hewa nyingine huingia kujaza nafasi. Ukiwa umezibwa na mafua, utando wa ndani huvutwa, mgonjwa akapata maumivu makali na kutokwa damu puani. Mwenye mafua asizame, na msafiri wa ndege mwenye pua iliyoziba atarajie maumivu wakati ndege inaposhuka.

Sababu ya tano ni jino. Usaha wa mzizi wa gego la juu unaweza kupenya sakafu ya sainasi ya taya. Dalili huwa upande mmoja tu, na mara nyingi kamasi hunuka vibaya.

Kupambanua

Mhudumu wa afya anayepokea mgonjwa anayesema ana sainasi aulize mambo manne: dalili zimeanza lini, ziko upande mmoja au pande zote, zimekuwa zikipungua au kuongezeka, na je, jino linauma. Kisha apime joto la mwili, aigonge taratibu mistari ya meno ya juu, aangalie pua kwa mwanga, na achunguze kama macho yote mawili yanatembea sawa.

Uambukizo wa bakteria hudhaniwa pale dalili zinapodumu zaidi ya siku 10 bila nafuu. Au mgonjwa anapokuwa na homa ya nyuzi 39 au zaidi pamoja na usaha na maumivu ya uso kwa siku 3 hadi 4 mfululizo. Au anapoanza kupata nafuu, kisha hali ikageuka kuwa mbaya upya. Rangi ya kamasi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Kamasi la mafua ya kawaida hugeuka njano au kijani kutokana na chembe za kinga za mwili wenyewe.

Kichwa kinachogonga, hasa upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga, kwa kawaida ni kipandauso. Kipandauso kinaweza kuleta machozi na kamasi jepesi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwapima karibu watu 3,000 walioamini kuwa wana maumivu ya kichwa ya sainasi. Karibu 9 kati ya kila 10 walikuwa na dalili za kipandauso. Mgonjwa kama huyo anaweza kumeza antibiotiki miaka mingi bila kutibiwa.

Picha ya eksirei haihitajiki kwa ugonjwa wa siku chache. Dalili zikidumu zaidi ya wiki 12, ugonjwa huitwa sugu, na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye anaweza kutumia endoskopi na picha ya CT.

Matibabu

Lengo la kwanza ni kuufungua mlango na kuusaidia ufagio. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, atumie parasetamoli kwa maumivu, na aoshe pua kwa maji ya chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi huchanganywa katika nusu lita ya maji safi. Maji ya bomba au ya kisima lazima yachemke kwanza kwa dakika moja au zaidi, kisha yaachwe yapoe, kwa sababu maji yasiyochemshwa yanaweza, ingawa ni kwa nadra sana, kubeba amiba inayoshambulia ubongo kupitia puani. Mgonjwa huinama juu ya beseni, hupumua kwa mdomo, na kuyapitisha maji taratibu tundu moja baada ya jingine.

Dawa za matone za kuzibua pua zisizidi siku 5. Zikitumika zaidi, pua huzoea na huziba vibaya kuliko mwanzo. Mwenye mzio au ugonjwa sugu hufaidika zaidi na dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, itumiwayo kila siku kwa ushauri wa mtaalamu. Kujifukiza kunaweza kumpa mtu mzima faraja ya muda, lakini hakuponyi uambukizo. Mtoto asifukizwe, kwa kuwa sufuria ya maji ya moto imewaunguza wengi.

Kitabu cha antibiotiki cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kinaelekeza kuwa wagonjwa wengi wa sainasi ya ghafla hawahitaji antibiotiki. Inapohitajika, amoksisilini, peke yake au pamoja na asidi ya klavulani, hutolewa kwa siku 5. Antibiotiki itumikayo ovyo huzalisha usugu wa vimelea, na usugu huo haubaki kwa aliyeinunua. Humfuata jirani yake, mtoto wake, na mgonjwa aliyelazwa akisubiri dawa hiyo hiyo imwokoe.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akiwa na mojawapo ya haya: jicho kuvimba, kutokeza au kushindwa kutembea, kuona viwili au kupungukiwa na uoni, uvimbe laini juu ya paji la uso, kichwa kuuma vikali pamoja na shingo kukakamaa, kutapika, degedege au kuchanganyikiwa. Mwenye kisukari au upungufu wa kinga, akipata maumivu ya uso na doa jeusi puani au kwenye kaakaa, asisubiri. Na mtu mzima mwenye pua iliyoziba upande mmoja kwa wiki kadhaa, akitokwa na damu au uso ukifa ganzi, achunguzwe kama ana saratani.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto wa miaka 3 ana kamasi lenye harufu mbaya, tundu moja tu la pua. Je, ni sainasi ya paji? Hapana, chumba hicho bado hakijakua vya kutosha. Tafuta punje ya haragwe, shanga au kitu kingine alichokiingiza puani.

2. Mkaangaji wa samaki ana mafua ya siku 4, kamasi la njano, bila homa. Apewe antibiotiki? Hapana. Aoshe pua, ajiepushe na moshi, na arudi zikipita siku 10 bila nafuu, au akizidiwa baada ya kupata nafuu.

3. Mtu mzima ametibiwa "sainasi" ya shavu la kushoto mara tatu kwa mwaka, na kila mara hurejea. Aangaliwe nini? Magego ya juu ya upande huo. Apelekwe kwa daktari wa meno.

4. Mtoto wa miaka 5 mwenye mafua ameamka jicho likiwa limevimba, jekundu, na homa kali. Mama anaulizia dawa ya matone ya macho dukani. Muuza dawa afanye nini? Asimuuzie. Amwelekeze hospitali mara moja, kwa kuwa kati ya sainasi ya mtoto huyo na jicho lake kuna ukuta mwembamba kama karatasi, na uoni wake unaweza kutegemea saa chache hizo.